Kupiga polishi gari kwa mashine, Mtwara

Kwa gari linalolala Shangani au Mikindani, karibu na bahari, kazi huanza na maji. Chumvi na mchanga vikibaki juu ya rangi, sponji ya mashine itavisaga humo na kuongeza mikwaruzo. Osha kwa shampuu ya gari, suuza sana, kausha, kisha bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za boneti na milango, na juu ya plastiki nyeusi. Kingoni rangi ni nyembamba. Ndipo huungua kwanza.

Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa imepoa. Boneti iliyopigwa na jua la saa saba hukausha kampaundi (dawa ya kusugulia rangi) kabla haijakata mikwaruzo, na unabaki na vumbi na madoa.

Anza na sponji laini na kampaundi nyepesi, eneo la sentimita 40 kwa 40. Weka matone manne, kila moja kama punje ya mbaazi. Tandaza kwa spidi 1, halafu panda hadi 4 au 5 kama mashine ni ile inayozunguka huku ikiyumba. Sogeza sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia, mara nne hadi sita. Sponji ilale bapa. Ukiiinamisha, joto hukusanyika sehemu moja. Ikiacha kuzunguka, umegandamiza mno.

Futa, kagua kwa tochi. Mikwaruzo ikibaki, ongeza ukali wa kampaundi, si nguvu ya mkono. Mkwaruzo unaonasa ukucha usijaribu kuuondoa: utamaliza rangi kabla haujatoka. Mwisho paka nta.