Namna ya kuona fluoriti ikitoa mwanga kwa joto (na usiipike bure)

Ba petit wa jiolojia hapa Lubumbashi wananiuliza hii kitu kila mara, na yule wa mwisho tulikaa naye mpaka usiku, basi naandika moja kwa moja. Fluoriti ya asili (madini ya kalisi na fluorini) ukiipasha gizani inatoa mwanga, wa bluu ao kijani ao zambarau, na hapo joto bado liko mbali kabisa na zile digrii 500 na kitu zenye chuma kinaanza kuwa chekundu. Apana moto ule. Ni nguvu ya mionzi ya miamba, yenye ilinaswa ndani ya jiwe miaka na miaka, joto linaifungulia tu.

1. Jiwe. Fluoriti. Malakiti (lile jiwe la kijani la shaba) na ile kalsiti ya waridi ya Kolwezi yenye kobalti acha mezani zipendeze wageni, shaba na kobalti zinaua mwanga. Na yale ya kijani-manjano yenye yanawaka sana chini ya UV (mwanga wa urujuanimno, wenye macho hayauone), mtu akikuambia yametoka upande wa Shinkolobwe, ule mgodi wa zamani wa urani, rudishia yeye. Urani haipikwe ku resho ya mama.

2. Vunja vipande vya milimita 2 ao 3, nusu weka pembeni usivipashe. Vaa miwani, ju fluoriti ikipata joto inapasuka na kuruka.

3. UV kwanza, ikiwa baridi. Torshi ya nanomita 365, apana ile ya bei ndogo ya 395 ya kukagulia dola, inamwaga zambarau mpaka huoni kitu. Andika rangi na ukali wa mwanga. Hata neno fluoresensi, ni kusema huo mwanga wa chini ya UV, mwanafizikia George Stokes alilitoa kwa jina la hili jiwe, 1852.

4. Joto na giza. Hapa njo batu wote wanakwama. Mbabula (jiko la makaa) usitumie, makala yenyewe yanatoa mwekundu wenye unafunika kila kitu, utasema jiwe halifanye kazi. Tumia resho ya umeme yenye kisahani kizima, apana ile ya waya inayowaka, na kataa chenye kina taa ndogo, ao ibandike skochi nyeusi, foni nayo ifunike kabisa. Pasha kisahani mpaka digrii 200 hivi, zima, halafu kaa gizani dakika 20 macho yazoee, lakini hapo kisahani kinapoa, kwa hiyo mimi napenda kinyume: kaa gizani kwanza, mwenzako ndiye awashe, na umeme ukikatika katikati, subiri kipoe ndio uanze tena. Mwaga vipande mara moja, usivipashe polepole ukiwa unaongea, ju mwanga unatoka kidogo kidogo unaisha bila wewe kuona. Sekunde chache tu unaona vinaanza, vinakolea, vinafifia. Kuna fluoriti yenye joto la mkono tu linatosha. Na mwanasayansi Robert Boyle, mwaka 1663, alipeleka almasi kitandani akaikandamiza ku mwili wake, ikang'aa, yeye hakuwa na resho. Usizidishe digrii 300, na fungua dirisha mara tu ukimaliza kuangalia.

5. Rudia UV kipande kikiwa moto. Kwa madini mengi joto linapunguza mwanga wa UV, kwa rubi, lile jito jekundu, ni wazi kabisa, na ikipoa unarudi. Ule wa hatua ya 4 haurudi! Pasha tena kile kipande, giza tupu. Batu wanaanza kulaumu torshi, resho, muuzaji, kumbe nguvu yenye ilinaswa imeisha, na jua la nje halijazi tena, inatakiwa mionzi kama eksirei. Njo maana uliweka nusu pembeni, na njo maana jiwe lenye muuzaji aliliosha kwa maji ya moto ao alilianika ku bati linaweza kuwa limeshapoteza sehemu.

Vipande vilivyopashwa tia ndani ya mfuko wao, andika juu IMEPASHWA na kalamu ya wino mzito, ju kwa macho vinafanana kabisa na vingine.