Bakuli la haja ndogo lisilotumia maji: kulifunga na kulitunza

Mabakuli ya zamani humwaga karibu lita 4 kila yanapovutwa. Ya kisasa hutosheka na nusu lita hadi lita 2. Lisilotumia maji kabisa hutegemea katriji, yaani kikopo cha kuchomoa kinachokaa kwenye tundu la bakuli, yenye mafuta maalumu. Mafuta ni mepesi kuliko mkojo, kwa hiyo mkojo huzama chini yake, nayo hubaki juu yakizuia harufu.

Anza na bomba, si bakuli. Liwe la plastiki, kwani mkojo usiochanganyika na maji hula shaba. Mteremko usipungue sentimita 2 kwa kila mita. Ondoa utando mgumu wa zamani kabla ya kufunga. Ukiuacha, fundi utamwita tena. Ikiwezekana, sinki la kunawia mikono liingie kwenye bomba hilohilo upande wa juu, maji yake yasaidie kusafisha njia.

Tatizo kubwa huwa kwenye usafi. Anayemwaga humo ndoo ya maji ya kudekia husukuma mafuta yote nje, kisha lawama zinaiendea katriji! Nyunyiza sabuni isiyo kali, futa kwa kitambaa, basi. Harufu ikianza, kagua mafuta na uyaongeze. Mkojo ukituama, badilisha katriji.

Utando kwenye bomba huyeyushwa kwa asidi hafifu, katriji ikiwa imetolewa. Usiichanganye asidi hiyo kamwe na dawa ya klorini: hutoa gesi ya sumu.