Kufufua herufi za terminali ya VT100, pamoja na é, œ na ɔ zetu

Fonti nyingi zinazoiga terminali za zamani (skrini na kibodi za kuwasiliana na kompyuta) hunakili nukta zilizohifadhiwa kwenye ROM, yaani kumbukumbu ya kudumu ya mashine, basi. Matokeo yake ni herufi nyembamba, fupi, zenye ngazi kila palipo na mshazari. Aliyekaa mbele ya VT100, iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1978, hakuziona hivyo. Cha kuiga ni kile kilichowaka kwenye kioo.

Skrini yake ilikuwa na mistari 24 ya herufi 80. Kila herufi ilipewa nafasi ya nukta 10 kwa upana na mistari 10 ya mwale kwenda chini, yaani nukta 800 kwa 240 katika eneo la takriban milimita 202 kwa 115. Ukigawanya utaona kila nukta ina urefu wa karibu mara mbili ya upana wake. Ndiyo maana ukichora kwa pikseli za mraba, maandishi yanaonekana kama yamekaliwa.

Jambo la pili ndilo kiini cha kazi yote: kila nukta inayowaka ilirefushwa kwa nukta moja upande wa kulia. Mwale wa elektroni haukuwahi kufikia mwanga wake kamili ndani ya nukta moja, kwa hiyo nguzo ya wima yenye unene wa nukta moja ingefifia huku mstari wa mlalo ukiwaka vizuri. Urefushaji huo ulisawazisha mwanga, na ukaleta faida nyingine: nukta mbili za mshazari zilizokuwa zikigusana kwa ncha tu, sasa zinashikana kwa ukingo mzima. Ukiuruka, FontForge, programu ya kutengenezea fonti, itakusumbua pia, kwa sababu maumbo yanayogusana kwa ncha huharibika mara kwa mara unapoyaunganisha.

Bukavu si rahisi kupata VT100 yenyewe, hivyo wengi watafanya kazi kwa picha za skrini. Ukibahatika kuipiga picha mwenyewe, tumia kasi ya 1/15 ya sekunde na tegemeo lisilotikisika. Ukifungua lenzi kwa muda mfupi kuliko skrini inavyojichora upya, mkanda mweusi utakata herufi. Andika kila herufi kama baiti 10 (baiti ni kundi la biti 8, na kila biti ni nukta iliyowaka au iliyozima), moja kwa kila mstari, biti ya kushoto kabisa ikiwa ndiyo kubwa. Anayesoma ROM moja kwa moja atakuta baiti 16 kwa kila herufi. Herufi zikionekana zimepanda mstari mmoja, angalia baiti ya mwisho wa kundi, huenda ndiyo mstari wa juu.

Usichore kwa kipanya. Andika skripti ya Python inayoita FontForge na kujenga fonti nzima kutoka faili la baiti. Umeme ukikatika katikati ya kazi hupotezi kitu, na kosa la herufi moja unalirekebisha kwa kubadilisha namba moja. Moyo wake ni huu, b ikiwa baiti ya mstari mmoja na n nukta zake 10:

n = b << 2
n |= n >> 1
if b & 1: n |= 3

Mstari wa kwanza unageuza biti 8 kuwa 10, wa pili unarefusha nukta kulia. Wa tatu ni kwa ajili ya michoro ya masanduku: nukta ya mwisho ikiwaka, inaendelezwa hadi ukingo ili mistari ya herufi jirani iungane.

Weka em, yaani kimo cha fonti kwa vizio vyake, iwe 2000, nukta iwe 100 kwa 200, na upana wa kila umbo uwe 1000, nafasi tupu na .notdef (umbo la herufi isiyokuwemo) zikiwemo. Herufi kubwa zinakaa mstari wa 1 hadi wa 7 (tunahesabu kuanzia 0) na mikia ya g na p iko wa 8 na wa 9, kwa hiyo urefu wa juu ni 1600 na wa chini 400. Andika vipimo hivyo hivyo kwenye hhea, typo na win, sehemu tatu za fonti ambako programu husoma urefu wa mstari, nafasi ya ziada kati ya mistari iwe 0. Vikitofautiana, masanduku yatakatika kwenye programu moja na kuungana kwenye nyingine, nawe utahangaika bila kujua chanzo. Kwenye PANOSE, orodha ya namba zinazoeleza aina ya fonti, namba ya kwanza iwe 2 na ya nne iwe 9, la sivyo baadhi ya programu hazitaitambua kuwa fonti ya upana mmoja.

Sasa herufi ambazo VT100 haikuwa nazo. Kibodi ya AZERTY, iliyojaa mijini kwetu kuanzia Goma hadi Lubumbashi, ina é, è, ç na à, na fonti isiyo nazo haimsaidii mtu anayechanganya Kiswahili na Kifaransa katika barua moja. Herufi ndogo ni rahisi: mwili uko mstari wa 3 hadi wa 7, aksenti wa 0 na wa 1, mstari wa 2 unaachwa wazi. Mkia wa ç unashuka wa 8 na wa 9. Kazi iko kwenye herufi kubwa. É inakubali kufupishwa hadi mistari mitano, kwa kuwa E ina milalo mitatu na nafasi mbili, inatosha kabisa. Ô ukiifupisha hivyo itafanana na ô. Ipe mistari sita na uache kofia iguse mwili.

Kwa Kilingala ongeza ɛ na ɔ. Umbo la ɔ linapatikana kwa kugeuza c, lakini geuza nukta kabla ya kurefusha. Ukigeuza mchoro uliokwisha kurefushwa, unene unahamia kushoto na herufi inakaa vibaya kati ya jirani zake. Sauti ya juu, ɛ́ na ɔ́, haina msimbo mmoja katika Unicode, orodha ya kimataifa ya misimbo ya herufi. Tengeneza maumbo mawili kamili na kanuni ya ccmp (sehemu ya fonti inayounganisha maumbo) inayobadilisha herufi pamoja na U+0301, msimbo wa aksenti inayowekwa juu ya herufi.

Zima hinti za kujiendesha, maelekezo ya kusogeza kingo za herufi zilingane na pikseli, zinapindisha nukta. Jaribu kwa pikseli 20 na 40, ambapo kila nukta inaangukia pikseli kamili. Kwa 17 unene utayumba, na hiyo si kasoro ya kurekebisha. Chapisha pia ukurasa mmoja penye fotokopi, kwani karatasi huonyesha pengo ambalo skrini inalificha.

Ukiitoa hadharani, chagua leseni huria ya fonti, SIL Open Font License 1.1, weka skripti na faili la baiti pamoja na fonti, na uipe jina lako mwenyewe badala ya jina la kampuni.