Ukinunua laptop ya ThinkPad ya mtumba Kisumu, cheki hivi

Ukienda kutafuta ThinkPad pale Oginga Odinga Street usianze na bei, anza na betri. Washa mashini, fungua cmd (lile dirisha la Windows la kuandika amri), andika powercfg /batteryreport alafu ufungue ile ripoti uangalie "design capacity" (chaji betri iliyoundwa kushika ikiwa mpya) na "full charge capacity" (chaji inayoshika sasa ikijaa), kama hiyo ya pili haifiki hata nusu ya ya kwanza mwambie muuzaji apunguze bei ama abadilishe betri. Kibodi bonyeza kila kitufe. Na mtu asikudanganye ati ya Mchina ni feki, Lenovo, hiyo kampuni ya Kichina inayotengeneza ThinkPad, ilianzia Beijing 1984 ikiitwa Legend, 2005 ikanunua biashara ya kompyuta ya IBM pamoja na hiyo ThinkPad, kwa hivyo hao ndio wenyewe kabisa. Chaja usiiache dukani, na risiti uitishe.