Ndege Kongwe Kurudi Angani Zanzibar: Pa Kuanzia na Pa Kusita

Mpenzi wa ndege wa Unguja au Pemba anayetamani kuiona ndege ya zamani ikiruka tena juu ya visiwa vyetu kwa kawaida huanza kuuliza habari za injini: iko wapi, inawaka au haiwaki, na nani anaweza kuifungua. Mwongozo huu unaanzia pengine, kwa sababu ndege kongwe kadhaa zilizolala chini leo hazikulazwa na injini, bali zimelazwa kwa kukosa mtu au kampuni iliyo tayari kutia saini kwamba chombo kile ni salama. Kwa hiyo ujue kwanza ni ndege gani hasa unayoitaka, kisha ujue nani atakayewajibika kwayo, ndipo uukague mwili wake. Habari za mafuta, banda na fedha zifuate baada ya hapo.

Katika kuchagua, ni vyema kuanza na ndege iliyo na haki ya kuitwa ya kwetu. Katika miaka ya 1930 ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi na Florence Kerr Wilson mwaka 1929, zilikuwa zikihudumia mwambao. Mwaka 1946 shirika la East African Airways lilianza kazi kwa ndege sita aina ya Dragon Rapide zilizoundwa na de Havilland, ambazo zina mabawa yaliyopangwa ghorofa mbili, mwili wa mbao uliovikwa kitambaa, na injini mbili zenye nguvu za farasi 200 kila moja. Baadaye zilikuja Lodestar na DC-3, na mwaka 1962 zikafuata Fokker F27, hadi shirika lenyewe lilipovunjika mwaka 1977. Kati ya hizo, mimi ningeshauri kufikiria mbili tu, Dragon Rapide na DC-3, kwa kuwa zipo zinazoruka mpaka leo na wapo watu wanaozijua kwa vitendo. F27 naiacha kando japokuwa ndiyo inayopendwa na wengi, maana mafundi wa injini zake za Rolls-Royce Dart wamekuwa adimu. Wapo pia wanaoiota VC10, jeti kubwa ya abiria ya Kiingereza, na ni kweli kwamba ya mwisho kabisa kuundwa ilikuwa yetu, ikibeba usajili wa Tanzania 5H-MOG; lakini ndege hiyo, baada ya kuwa ya kujazia mafuta angani katika jeshi la anga la Uingereza, ilitua Dunsfold, Uingereza, tarehe 24 Septemba 2013 na huo ukawa mwisho wa safari zake. Mwenye kuipenda aende akaitazame.

Ukishachagua aina, tafuta ndege moja mahususi, na hapo tofautisha namba mbili ambazo watu huzichanganya. Herufi za usajili zilizoandikwa ubavuni hubadilika kila ndege inapohamia nchi nyingine: ndege iliyoandikishwa Kenya enzi za ukoloni ilianza kwa VP-K, ya Tanganyika kwa VR-T, na baada ya uhuru zikaja 5Y na 5H. Namba ya kiwandani, ambayo hugongwa kwenye bamba la chuma ndani ya ndege, haibadiliki tangu chombo kinapotoka karakana hadi kinapokatwakatwa kuwa chakavu. Daftari lako lote lipangwe kwa namba hiyo ya pili.

Kwa historia ya hapa nyumbani, Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani ni pahali pa kuanzia, hasa kwa magazeti ya zamani na majalada ya serikali ya kabla ya Mapinduzi. Lakini kuna mambo ambayo hayamo katika majalada, nayo yako kwa wazee. Nenda barazani baada ya alasiri, toa shikamoo yako, kaa, na usianze na daftari. Mzee aliyepakia mizigo katika uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, hawezi kukumbuka herufi za usajili wa eropleni fulani, ila anaweza kukumbuka kama gurudumu dogo lilikuwa mkiani au puani, kama abiria walipanda mteremko ndani ya ndege ili kufikia viti vya mbele, na kama mabawa yalikuwa juu ya madirisha au chini yake. Majibu hayo matatu yanatosha kutenganisha DC-3 na F27, kwa sababu ya kwanza hukaa juu ya gurudumu la mkia, hivyo sakafu yake huinama inaposimama, na mabawa yake yako chini, ilhali ya pili ina gurudumu la pua na mabawa yake yamepita juu. Akikuonyesha picha, omba uipige papo hapo, mbele na nyuma, kwani maandishi ya nyuma mara nyingi ndiyo yenye tarehe. Usiombe kuondoka nayo.

Sasa tuje kwenye saini. Kila aina ya ndege ina mwenye dhamana ya michoro yake, yaani kampuni au taasisi inayoweza kusema kwamba nyufa za ukubwa huu zinavumilika na zile hazivumiliki. Dhamana hiyo ikiondolewa, ndege nzima kabisa hugeuka kuwa sanamu. Concorde, ndege ya abiria iliyokuwa ikiishinda kasi ya sauti, iliruka mara ya mwisho tarehe 26 Novemba 2003 baada ya Airbus kuamua kutoendelea kuihudumia. Ndege ya kivita ya Vulcan yenye namba XH558 ni somo zuri zaidi, kwa kuwa wapenzi wake nchini Uingereza walichangisha fedha, wakaifumua na kuiunganisha upya, ikaruka tena tarehe 18 Oktoba 2007. Lakini mwaka 2015, wakati umati ulikuwa bado unaifuata kila inapokwenda, kampuni tatu zilizokuwa zikiidhamini kiufundi ziliamua kukoma, nayo ikatua mara ya mwisho Oktoba mwaka huohuo. Basi kabla ya kununua hata riveti moja, andika barua kwa wanaozirusha ndege za aina yako na uulize nani anawatilia saini, kwa masharti gani, na kama anakubali chombo kikae nje ya nchi yake. Ukikosa jibu la maandishi, sita hapo.

Ukaguzi wa mwili ndio unaohitaji uvumilivu mkubwa kuliko yote, na hapa kwetu unahitaji ukali zaidi kwa sababu ya hewa ya chumvi. Ndege ya bati la alumini, kama DC-3, inaweza kung'aa kwa rangi mpya huku ikiliwa kwa ndani, mfano wa jahazi lililopakwa shahamu upya juu ya mbao zilizokwisha kuoza. Anza pale bawa la nje linapofungwa kwa safu ndefu ya bolti kwenye bawa la kati, kwa kuwa mzigo wote wa bawa hupita hapo. Kisha angalia chini ya sakafu ya choo na mlango wa mizigo, mahali ambapo maji hujikusanya. Penye riveti zilizozungukwa na unga mweupe, au bati lililovimba na kubanduka matabaka, usikubali kuambiwa kwamba ni uchafu. Usiku wa manane hakuna abiria atakayekujia kukulaumu kwa kuikataa ndege mbovu, lakini kinyume chake kimeshatokea: tarehe 19 Desemba 2005 ndege ya baharini aina ya Grumman Mallard, iliyoundwa mwaka 1947, ilikatika bawa la kulia mara tu baada ya kuruka Miami kwa sababu ya nyufa za uchovu wa metali, yaani metali kudhoofika kwa kubeba mzigo mara kwa mara, na watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Ndege hiyo ilikuwa ikifanya kazi ya kila siku kati ya bara na visiwa, kazi ileile ambayo sisi tungetamani ndege yetu iifanye.

Dragon Rapide ina habari nyingine. Mbao hazichoki kama metali, ila hunywa unyevu, na adui wake mkubwa ni gundi iliyoachia. Mwaka 1944 ndege za mbao za Mosquito zilizopelekwa India zilipata ajali za kufumuka angani, na joto pamoja na unyevu wa nchi za mvua vikawekwa miongoni mwa washukiwa. Gonga kila kiungo cha mbao kwa nyundo ndogo ya plastiki na usikilize. Sauti ya utupu maana yake ni kwamba kitambaa kitolewe na pafunguliwe. Habari njema ni kwamba mbao huweza kuundwa upya kabisa: Mosquito yenye namba KA114 iliruka tena New Zealand tarehe 27 Septemba 2012 ikiwa na mwili mpya wa mbao uliojengwa juu ya kalibu mpya. Mafundi wetu wa majahazi wanayo mikono ya kazi ya namna hiyo, ingawa kila kipande watakachotengeneza kitahitaji kukaguliwa na fundi wa ndege mwenye leseni.

Kuhusu injini nitasema kidogo. DC-3 nyingi za asili zina injini mbili za Pratt & Whitney zenye silinda 14 kila moja, zilizopangwa duara, na mafuta ya kulainishia hushukia katika silinda za chini ndege inapolala; kwa hiyo zungusha pangaboi kwa mkono, swichi zikiwa zimezimwa, kabla ya kujaribu kuwasha, na ukihisi limekwama usilisukume kwa nguvu. Injini hizi hutumia petroli ya ndege, si mafuta ya jeti yanayotumiwa na Cessna Caravan zinazotua Kisauni kila siku, hivyo upatikanaji wa petroli hiyo uuthibitishe kwa barua. Ipo DC-3 iliyobadilishwa Marekani na kampuni ya Basler, iitwayo BT-67, ambayo inatumia mafuta ya jeti na injini za ukoo wa PT6A, ukoo mmoja na za Caravan. Wapenzi wa asili wataikataa kwa sauti yake. Kwa Zanzibar mimi ningeichagua bila kusita.

Vibali navyo vina njia mbili. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo usajili na cheti cha ustahiki wa kuruka hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wakati maegesho na banda ni mazungumzo yako na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Ikiwa ndege itakuja kutoka nje kwa kibali maalumu badala ya cheti kamili, Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unailazimu ipate ruhusa ya kila nchi itakayoingia. Jambo hili si la kupuuza: msafara wa ndege kongwe wa Vintage Air Rally, ulioruka kutoka Krete hadi Cape Town mwaka 2016 huku Zanzibar ikiwa katika ratiba yake, ulizuiliwa Gambela, Ethiopia, kwa mzozo wa ruhusa. Hata hivyo, kualika msafara wa aina hiyo utue kwetu ni njia nafuu mno kuliko kufufua ndege, na mtu asiye na mfadhili aanzie hapo.

Njia ya kurukia ndege ya Kisauni imelala kaskazini kwa kusini, jambo linalozifaa ndege zenye gurudumu la mkia, ambazo huyumbishwa upesi na upepo wa ubavuni; kaskazi na kusi huvuma karibu sambamba na njia hiyo. Panga ziara kati ya Juni na Septemba, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Ndege ikishatua, ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi jioni ileile, hasa matumbo ya mabawa na mashimo yanamoingia magurudumu, ikaushwe, kisha iingizwe bandani. Na kama banda halikupatikana, ilale Zanzibar usiku mmoja tu na iondoke asubuhi.