Somo: Kufuatilia habari za SEO bila kukimbizana na kila uvumi

Somo hili ni la wanaosimamia tovuti za kampuni za utalii, hoteli na maduka ya Arusha na Moshi, hasa wale ambao bosi huwauliza kila Jumatatu, "Mbona Google tumeshuka?" Habari za SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye Google, ni nyingi kuliko kazi inayotokana nazo. Mwezi mzima unaweza kupita bila habari hata moja inayokulazimu kugusa tovuti. Unachohitaji ni kujua kilitokea nini na tarehe gani, kisha uweze kupima kama kilikugusa.

Hatua ya 1: Search Console iwe mikononi mwenu

Habari muhimu kuliko zote ni zinazohusu tovuti yako mwenyewe, nazo huja kwa barua pepe kutoka Google Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha tovuti yako inavyofanya kwenye matokeo: kurasa zisizoingia kwenye faharasa (orodha ya kurasa ambazo Google inaweza kuzionyesha), adhabu iliyotolewa na mkaguzi, dalili za kudukuliwa. Shida ni kwamba mara nyingi akaunti ni ya fundi aliyejenga tovuti, naye alishahamia kwingine, kwa hiyo barua zote zinamwendea yeye. Fungua mipangilio, angalia watumiaji na ruhusa zao, na mwenye kampuni awekwe kama mmiliki. Ukisajili upya, chagua aina ya kikoa kizima (domain), inayothibitishwa kwa rekodi ya TXT, mstari wa maandishi unaowekwa kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti. Hiyo hujumlisha http, https, yenye www na isiyo nayo. Ukisajili anwani moja tu, utaona sehemu ya mibofyo na kudhani mmeporomoka.

Hatua ya 2: Chagua vyanzo vichache

Vyanzo vya Google vyenyewe vinatosha kwa sehemu kubwa. Ukurasa wa hali ya Google Search (status.search.google.com) huorodhesha masasisho ya upangaji, yaani mabadiliko ya jinsi Google inavyopanga matokeo, siku yalipoanza na yalipoisha. Blogu ya Google Search Central hutoa matangazo. Halafu kuna ukurasa ambao wengi hawaujui, wa mabadiliko ya nyaraka za Search Central. Sera hubadilishwa humo kimyakimya. Vyote vina mlisho wa RSS, unaokuletea makala mpya bila kuzifuata, kwa hiyo viweke kwenye Feedly au programu yoyote ya aina hiyo, na bando halitaumia maana ni maandishi tu.

Kwa habari za nje, Search Engine Land na Search Engine Roundtable ya Barry Schwartz zinatosha. Ila soma ukijua unachosoma. Kuna lililotangazwa rasmi. Kuna lililosemwa na mfanyakazi wa Google kama John Mueller akimjibu mtu mmoja kuhusu tovuti moja. Hilo si sheria ya kila tovuti. Na kuna minong'ono: vipimo kama Semrush Sensor vinaonyesha matokeo yanachezacheza, watu wanalalamika, Google haijasema neno. Hilo la mwisho liandike tarehe tu, usilifanyie kazi.

Hatua ya 3: Daftari la tarehe

Fungua jedwali lenye safu hizi: jina la tukio, siku ya kuanza, siku ya kuisha, chanzo, na mabadiliko mliyofanya ninyi wenyewe wiki hiyo. Safu hii ya mwisho ndiyo inayookoa. Mtu amebadilisha anwani za kurasa zote za Machame na Lemosho (njia za kupanda Kilimanjaro) bila kuelekeza zile za zamani kwenda mpya, halafu lawama anaangushiwa Google.

Usifunge mstari mapema. Sasisho kuu (core update, badiliko pana la upangaji) la Machi 2024 lilianza Machi 5 na kuisha Aprili 19, lakini kuisha kwake kulitangazwa Aprili 26.

Hatua ya 4: Pima baada ya vumbi kutua

Google yenyewe inashauri usubiri wiki nzima baada ya sasisho kuu kuisha, ndipo ulinganishe na wiki iliyotangulia kuanza kwake. Tarehe za ripoti ya kila siku zinafuata saa za Pasifiki za Marekani: siku yao huanza saa 4 asubuhi kwetu, au saa 5 wakati wao wa baridi. Ukiangalia "jana" mapema mno, siku bado haijajaa.

Mtego mkubwa wa huku kwetu ni msimu. Sasisho kuu la Machi 2024 lilikwenda hadi Aprili. La Machi 2025 lilikuwa tarehe 13 hadi 27. Yote mawili yamegusana na masika, wakati wageni wa mlimani na mbugani wanapopungua. Ukilinganisha wiki na wiki tu, mvua na Google vinachanganyika. Linganisha pia na wiki zilezile za mwaka uliopita. Search Console huhifadhi miezi 16, kwa hiyo inawezekana. Kumbuka Pasaka huhama: 2024 ilikuwa Machi 31, 2025 ikawa Aprili 20.

Kisha chuja kwa nchi na kwa ukurasa. Nafasi ikibaki palepale na maonyesho (mara ambazo ukurasa wako umetokea kwenye matokeo) yakapungua, watafutaji wenyewe ndio wamepungua. Nafasi ikianguka kwenye kurasa nyingi kuanzia tarehe za sasisho, hapo una kazi ya maudhui. Ila usitumie kipimo hiki kulinganisha kabla na baada ya Septemba 2025. Mwezi huo Google iliacha kukubali kigezo cha kuonyesha matokeo 100 kwa ukurasa mmoja, na tovuti nyingi ziliona maonyesho yakishuka na wastani wa nafasi ukiwa bora zaidi bila chochote kubadilika kwa wasomaji. Hapo tegemea mibofyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Njiro, Arusha: Mkuu, maswali na majibu yaliyokuwa yanaonekana chini ya matokeo yetu yametoweka. Tumeadhibiwa?

Jibu: Hapana. Agosti 2023 Google iliyabakiza kwa tovuti za serikali na za afya zinazoaminika tu. Ule msimbo (code) wa maswali hayo uliomo kwenye ukurasa hauna madhara, uache au uuondoe. Maswali yenyewe yabaki kama yanamsaidia mgeni.

Moshi: Bosi katumiwa ujumbe WhatsApp kuwa kuna "algorithimu mpya" na lazima tununue viungo (links) 200 kutoka tovuti nyingine. Nimjibuje?

Jibu: Mwombe mtumaji jina la sasisho na tarehe, kisha fungua ukurasa wa hali ya Google mbele ya bosi. Hata kama sasisho lipo, kununua viungo ili kupanda ni kinyume cha sera za spamu. Ni kulipia adhabu.

Sakina, Arusha: Wakuu, nafasi yetu ni ileile mwaka huu na mwaka jana, maonyesho yapo, ila mibofyo imepungua. Ni yale majibu ya AI ambayo Google huyaweka juu ya matokeo?

Jibu: Huenda, hasa kwa maswali kama "Kilimanjaro ina urefu gani", ambayo hujibiwa palepale. Ripoti ya kawaida ya Search Console inayajumlisha na matokeo mengine, humo hutayaona peke yake. Gawa maswali mafungu mawili: ya kujua na ya kununua, mfano bei ya Lemosho siku 8. Kama ya kununua hayajashuka, usifumue kurasa za bei. Kama nayo yameshuka, yatafute mwenyewe kwenye simu, ukiangalia matangazo na ramani vimekaa wapi juu yako.