Ua la kutambaa ukutani linalonukia usiku

Kama unataka ukuta wa tofali uwe kijani mwaka mzima hapa Dar, usihangaike na hanisako (honeysuckle, maua ya kutambaa) za nchi za baridi, tafuta Combretum indicum, zamani ilikuwa Quisqualis. Jina usijali sana, muonyeshe muuza miche picha kwenye simu. Ua linachanua jioni likiwa jeupe, kesho yake linakuwa la pinki, halafu linaishia jekundu kabisa, kwa hiyo kichala kimoja kina rangi zote tatu, na harufu yake ikianza giza likiingia we acha tu.

Panda masika yakianza, mwezi wa 3, mvua ikusaidie kumwagilia. Mchanga wetu haushiki maji, so chimba shimo kubwa, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri (mbolea ya kuku mbichi inaunguza mizizi), na uache kama sentimita 30 kutoka ukutani. Sehemu iwe na jua la kutosha.

Likishika linakimbia balaa, hivyo kamba za manila hazitoshi, weka waya mnene au bomba. Usilipeleke karibu na paa.

Kukata ndo muhimu zaidi, maana maua yanatoka kwenye matawi mapya. Likimaliza kuchanua, punguza bila huruma. Vaa glovu lakini, vikonyo vya majani yaliyodondoka vinabaki vigumu kama miiba. Machipukizi yanayotoka mizizini yang'oe na mizizi yake, tia kwenye viriba, mgawie jirani.